Siku Maziwa Hayakutoa Povu

Kope yangu ya kushoto bado inashuka kila siku saa tisa hivi. Asubuhi iko juu kama ya watu wote. Ikifika saa tisa inaanza kuchoka, na saa kumi na moja imefunika nusu ya jicho. Wauzaji wenzangu wa maharagi wanasema nawakonyezea wateja wao. Nacheka nao. Nacheka kweli, ila ni kicheko cha mutu aliyechoka.

Kwa hiyo naandika haya asubuhi, kabla kope haijashuka. Aliyenifanya niandike ni mama mumoja wa hapa Rwambuzi, aliyekuja kuniona wiki iliyopita. Muume wake aliumwa na nyoka shambani. Yuko hospitali, ametiwa mpira kooni, na watu wa nyumba yake wanamupulizia hewa kwa mukono. Aliambiwa kwamba mimi nilipita njia hiyo nikarudi. Akaniuliza, "Mama Neema, weye ulipona namna gani?" Nikamujibu neno la kanisani, kwamba ni Mungu. Akashukuru, akaenda. Mimi nikabaki naona haya. Nilimupa jibu la kweli, lakini halimusaidii mutu anayekaa kwenye benchi kungoja.

Mimi si mutu wa masomo mengi. Niliachia mwaka wa tatu wa sekondari. Lakini tangu niolewe nina daftari, naandika mvua ilianza lini, nani alipita kutusalimu, mutoto alisimama siku gani. Nitafuata daftari. Pale ambapo daftari liko tupu, kwa sababu sikuweza kushika kalamu, nitasema ninavyokumbuka, na kukumbuka kwangu kunaweza kuwa na makosa.

Ilikuwa mwisho wa mvua za kwanza, wakati wa kuvuna maharagi. Muume wangu ni shofere wa kamio, gari kubwa la mizigo. Siku hiyo alikuwa njia ya Niania, na njia ile ukiingia hujui utatoka lini. Nyumbani tulibaki watatu: mimi, binti yetu Neema wa miaka kumi, na mama mukwe wangu, Mama Rozalia.

Mama Rozalia ni mukulima wa Djugu. Vita vilimutoa kwake akafika kwetu na nguo mbili, sufuria moja, na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani ya fundo kulikuwa na jiwe jeusi. Kwa yule asiyelijua: ni kipande cha mufupa kilichochomwa mpaka kikawa cheusi, kidogo kama sabuni iliyokaribia kuisha. Wanakiweka pale nyoka alipouma. Kinashikamana na nyama, na wanasema kinakunywa sumu, kikishiba kinaanguka chenyewe. Kisha wanakitia katika maziwa ya moto kitapike. Maziwa yakitoa povu, wanajua sumu imetoka mwilini.

Mimi nilikuwa nalicheka jiwe lile. Nimekulia Butembo, katika familia ya biashara. Jiwe kama hilo kwetu pia liko, sitadanganya, lakini nilijihesabu kuwa mutu wa hospitali. Nilimuambia siku moja, "Mama, hiyo mufupa yako ni ya ng'ombe gani?" Akajibu, "Ya ile iliyokufa juu ya kusikiliza masimulizi ya bakamwana," yaani sisi wake wa wanawe. Hakukasirika. Alikuwa anakanda unga wa mandazi anayouza asubuhi. Anavyokanda, kila mutu wa kiwanja chetu anajua. Anaminya mara moja, anaachia, anangoja kidogo kama mutu anayesikiliza kitu ndani ya unga, kisha anaminya tena. Hafanyi haraka.

Basi siku ile Neema alikuwa shuleni. Nilikuwa nimeanika maharagi nje juu ya shitingi ya plastiki. Wingu likaja, nikainama kukunja pembe ya shitingi, nikashika kitu baridi.

Alikuwa nyoka mudogo, mwembamba kama kidole, hakufika urefu wa mukono wangu. Alikuwa na mapete mwili wote, pete nyeusi, pete ya rangi ya tofali, nyeusi tena. Ukimuona kwenye kitambaa ungesema ni mukufu. Alining'inia kwenye kidole changu kidogo cha mukono wa kushoto, anatafuna polepole kama mutu wa meno mabovu anayetafuna muwa. Nilikung'uta mara mbili ndipo akaachia.

Mama Rozalia alitoka na muchi wa kutwangia majani ya sombe, akamupiga kichwa mara moja, akamutia ndani ya chupa. Ya nini chupa, sikumuuliza. Nilijua kisha.

"Inauma?"

"Haiumi, Mama. Nyuki inauma zaidi."

"Leta mukono."

Akachanja kidogo kwa wembe, akaweka jiwe. Likashika. Akaenda kunawa unga uliokuwa mukononi mwake. Kabla hajamaliza kunawa, jiwe lilianguka chini. Akaliokota, akaligeuza, akalitazama sawa vile unatazama mutoto aliyerudi mbio toka dukani bila kununua kitu. Akachemsha maziwa kwenye mbabula ya makaa, akalitia humo. Tukainama wote wawili.

Maziwa yalikaa kimya. Hakuna povu, hata moja.

Hapa ndipo kila kitu kilitokea, na hatukuwa na mutu mwingine pale, ni mimi na yeye tu. Kwa hiyo naomba niandike maneno yale kama yalivyosemwa.

Alisema, "Haikukunywa kitu. Jiwe yangu haiangukaka mbio vile. Sumu iko ndani yako. Tuende ku hopitali."

Nikasema, "Mama, kama haikukunywa, ni juu hakuna ya kukunywa. Angalia mukono. Hata haikuvimba."

"Kule kwetu niliona mutu hakuvimba. Akalala, ikawa basi."

"Mvua inakuja. Tuingize maharagi kwanza."

Alisema mara ya pili, tukiwa tunabeba maharagi. Mara ya tatu alisimama mulangoni na chupa mukononi, amekwisha kuvaa kitambaa chake cha kichwa cha safari. Nikamuambia, "Mama, ukitaka kutembea, tembea. Mimi niko muzima." Mimi niliyekuwa nalicheka jiwe, siku ile nililiamini kuliko mwenye jiwe.

Kisha nikakaa, nikaandika katika daftari. Nitarudi kwenye maandishi hayo.

Saa tisa Neema alirudi toka shule. Niliona Neema wawili wanaingia mulango mumoja. Akacheka, "Mama, uko nasinzia?" Nikajaribu kumuambia hapana, ulimi ukawa kama wa mutu mwingine. Kope zilishuka zote mbili nikazishika juu kwa vidole. Bado hakukuwa na maumivu. Hilo nalisema kwa nguvu kwa yule atakayesoma: ukiumwa na nyoka na usisikie maumivu, usifurahi.

Mama Rozalia hakuuliza mara ya nne. Aliita moto, pikipiki ya kukodi, akanipandisha katikati, yeye nyuma, akanifunga kwake kwa kitenge kama mutoto. Nilisikia chupa ya nyoka inanigonga mbavu njia yote. Nilikuwa nashindwa kumeza mate, yakashuka shingoni, na alikuwa ananipangusa kwa mukono wake wenye harufu ya mafuta ya mandazi.

Kwenye benchi la hospitali tulikuta watu wengi. Sisemi walituchelewesha. Kila mutu pale alikuwa na mugonjwa wake. Mama mumoja nisiyemujua, na sikuona uso wake kwa kuwa macho yalikuwa yamefunga, alikuja akashika kidevu changu, akakiinua ili mate yasinizibe. Alikishika mpaka waliponiita. Sijui jina lake, wala sijui mugonjwa wake alipona. Nimemuombea mara nyingi.

Daktari kijana alipoona chupa alisema kwa Kifaransa kwamba ni nyoka wa korali. Mukubwa wake akasema hapana, wa korali wenyewe wako nchi za mbali, huyu ni jamaa yake tu, lakini wanalaza mutu namna moja. Dawa yenyewe ya sumu yake haikuwapo. Wakasema kazi iliyobaki ni moja, kunipulizia hewa mpaka mwili ukumbuke kujipulizia wenyewe. Mashine ya hewa ilikuwa moja, nayo ilikuwa na mutoto. Nilisikia wakisema hivyo na sikukasirika. Labda ningekuwa na nguvu ya kukasirika ningekasirika, sijui.

Walinitia mpira kooni. Mwisho wa mpira ule kuna kitu kama puto gumu. Mutu analiminya, hewa inaingia kifuani. Muganga wa zamu akawafundisha watu wangu: "Minya. Achia. Hesabu mbili. Mukichoka mupeane. Mukiacha, anaenda."

Daftari liko tupu siku zile. Ninachotaka watu wa wagonjwa wajue ni hiki: nilikuwa ndani. Sikuweza kufungua jicho, kusogeza kidole, wala kulia. Lakini nilisikia kila kitu. Nilisikia ndoo, nilisikia mvua juu ya mabati, nilisikia mama wa kitanda cha pili akigombana na bwana yake juu ya ndizi. Muangalie mnachosema juu ya kitanda.

Macho hayakuwapo, nikawajua watu kwa mikono yao. Wamama wa koro yetu ya kanisa walikuja wawili wawili, wakaminya huku wanaimba chini kwa chini, na wimbo ukichangamka nao wananipulizia mbio, kichwa kinanizunguka. Ilikuwa upendo, nawashukuru. Lakini ilipofika zamu ya Mama Rozalia nilijua kabla hajasema neno. Anaminya mara moja, anaachia, anangoja kidogo kama mutu anayesikiliza. Ni unga wake wa asubuhi. Hapo ndipo mwili wangu ulikuwa unapumzika. Alishika zamu mbili, tatu, mpaka muganga akamugombeza akalale.

Asubuhi ya pili alikuja yaya yangu Paluku. Ni kaka yangu wa kwanza, ana duka la misumari na mabati sokoni, na tangu baba yetu afariki yeye ndiye baba. Ni mutu muzuri. Neema alikuwa amemusimulia habari yote anayoijua: kwamba koko, nyanya yake, aliweka jiwe, na kwamba tulifika hospitali jioni. Mutoto alisema kweli. Hakujua ya katikati.

Paluku alisimama upande wa kulia. Mama Rozalia alikuwa upande wa kushoto, anaminya.

"Mama, ni weye uliweka jiwe?"

"Ni miye."

"Na ukamukalisha nyumba mpaka saa tisa."

Minya. Achia. Nikangoja aseme. Nilitaka kupasuka. Ndani yangu nilikuwa nasema, sema, Mama, muambie ni mimi.

"Dada yangu anakufa juu ya mufupa yako. Na ku soko banasema nyoka ya namna ile haitokaka bure. Kuko mutu anaitumaka."

"Batu ba soko banasema mingi," Mama Rozalia alisema.

"Toka. Sitaki kukuona tena ku kitanda ya dada yangu."

"Nitatoka. Shika hii kwanza."

Nadhani Paluku hakuelewa.

"Nikiachia mbele hujashika, atakosa hewa. Shika. Hapana, mukono mbili. Minya. Achia. Ngoja."

Paluku akaminya. Mukono wake ni wa kubeba mabati, hewa ikaingia kama ya kujaza tairi, kifua kikaniuma.

"Ile ni nguvu ya misumari," akamuambia. "Kamata sawa unga. Unga haitaki nguvu, inataka kungojewa. Minya. Achia. Ngoja. Tena."

Alisimama pale akimuhesabia, mpaka mikono ya Paluku ikawa karibu sawa na yake. Kisha nikasikia anachukua kitambaa chake, na kandambili zake zikaenda mpaka sikuzisikia tena. Maji yalitoka machoni mwangu. Muganga akasema ni macho yanayokauka, akayapangusa vizuri kwa pamba.

Siku ya tatu Baba Neema alifika toka Niania na udongo wa njia bado kwenye nguo. Siku ya nne kidole gumba cha mukono wa kuume kilitikisika, watu wakaimba. Kisha nikapumua mwenyewe kidogo, nikachoka, wakaminya tena. Wakatoa mpira.

Sauti iliyorudi haikuwa yangu. Ilikuwa kama ya mbuzi aliye mbali. Uji nikikunywa unatokea puani. Shingo haikuweza kubeba kichwa, wakanizungushia kitenge kilichokunjwa ili kisianguke, na Neema akasema nafanana na chifu. Nilipungua mpaka pete ikateleza nikailaza ndani ya soksi. Kila siku nilipewa kazi moja: kukaa mara kumi, kuinua kijiko, kumeza bila kukohoa. Unafikiri ni kazi za mutoto. Nilikuwa namaliza nikiwa nimelowa jasho.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Siku mbili baada ya mpira kutoka, Paluku alikaa kando ya kitanda, akanishika mukono. Alikuwa amekonda yeye pia. Akauliza, "Dada, ni yule mama alikukataza kuja hopitali?"

Sauti ilikuwapo. Ndogo, lakini ya kusema "hapana" ilitosha. Sikuisema. Nilifunga macho. Kufunga macho kulikuwa rahisi kwangu kuliko kwa mutu yeyote katika chumba kile. Paluku akasema, "Basi, usichoke." Akachukua kufunga macho kwangu kuwa ndiyo, nami nilijua kwamba ameichukua.

Nilijiambia ni uchovu. Nilijiambia nikirudi nyumbani nitasema. Nikarudi nyumbani wakati watu wanapanda maharagi ya mvua za pili. Mahali pa sufuria ya Mama Rozalia palikuwa wazi. Alikuwa amekwenda kwenye saiti ya wakimbizi kwa binti ya dada yake, chini ya shitingi. Njia ya kwenda kwake Djugu haikuwa na amani, hakuwa na pengine pa kwenda. Siku ya yenga, Jumapili, Baba Neema alikuwa anatoka na sukari ndani ya mufuko, anarudi bila sukari. Usiku alilala akitazama ukuta. Nisimuonee: aliwekwa katikati ya mama yake na muke aliyetoka kaburini, na hakuna aliyemupa ukweli wa kusimama juu yake. Wa kumupa ni mimi.

Neema aliuliza, "Koko atarudi siku gani?"

"Nikipona," nilisema.

"Si umepona?"

Kwa nini nilinyamaza? Nimejiuliza sana na sina jibu la kupendeza. Watu walikuwa wananihurumia. Mugonjwa aliyefanyiwa ubaya anahurumiwa kuliko mugonjwa aliyejikatalia mwenyewe. Na niliona haya, kwamba mimi mutu wa hospitali niliokoa maharagi, nikajiacha. Pengine kuna sababu nyingine nisiyoijua. Sitaki kujitetea wala kujipiga kupita kiasi, vyote viwili ni kujitazama.

Mvua za pili zilipokaribia kwisha niliweza kushika kalamu muda mrefu. Nikafungua daftari ili niendelee. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa wa siku ile. Mwandiko ulianza sawa, ukaishia unapanda mlima. Ulisema: "Nyoka mudogo ameniuma kidole. Haiumi. Mama R. anataka twende hospitali. Amesema mara tatu. Nimekataa. Maharagi yameingia kabla ya mvua." Nyuma yake, kurasa nyeupe.

Nilishika ukurasa ule kwenye pembe. Niliukunja. Nilikaa hivyo mpaka kope ikashuka. Kisha nikaukunjua, lakini alama ya kukunja iko mpaka leo, na mutu akitaka kuona nitamuonyesha.

Pengine ningekaa tena miezi. Lakini jua la mwisho wa mwaka lilipoanza, Paluku alileta wazee wawili wa familia yetu na mushemasi wa kanisa, wakae na Baba Neema. Waliomba jambo moja: Mama Rozalia asiingie tena katika nyumba ambamo dada yao analala, na muume wangu akubali mbele ya watu. Baba Neema alitazama mikono yake. Nikaona anafungua kinywa, na nikaona kwamba atakubali, kwa ajili yangu.

"Ngojeni," nilisema. "Kuko kitu nataka kusoma."

Nilisoma mistari ile. Sauti yangu ya mbuzi ilikatika kwenye "nimekataa", nikairudia, ili isiwe kwamba sikusema vizuri. Nikaongeza lile ambalo halikuandikwa, maziwa yaliyokaa kimya, chupa, na kitambaa cha safari.

Mushemasi alikohoa. Paluku alichukua daftari, akasoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilijua utanigombeza."

"Ningekugombeza kabisa," alisema. Akafunga daftari. Kisha akatoka nje akasimama nyuma ya jiko, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Nilimufukuza huku yeye ndiye anakupa pumzi. Vaa viatu."

Tulikwenda na Baba Neema, sisi watatu. Mama Rozalia alikuwa nje ya shitingi, anakanda ndani ya karai ya kuazima. Alituona, hakuacha kukanda. Nilipiga magoti, si kwa mapendo tu, miguu pia ilikuwa imechoka. Nikamuambia yote, hata kufunga macho. Hilo la macho ndilo lilikuwa gumu.

"Nilijua utasema," alisema. "Sikujua kama ni kabla ya mvua kuisha ao kisha yake."

"Mama, kwa nini hukujitetea siku ile?"

Aliinua viganja vyenye unga akanionyesha. "Nilikuwa na kazi mu mikono."

Paluku alikuwa amesimama mbali kidogo, kofia mukononi. "Mama, nilisema maneno mubaya."

"Ulisema." Akaminya unga, akaachia. "Lakini ulijifunza muzuri. Ulikuwa na mikono ya misumari, ukajifunza."

Hakurudi nasi siku hiyo. Sitapamba. Tulimuomba, akasema unga umekwisha kuchanganywa, na tena akasema, "Nitakuja siku roho itaniambia. Munaweza kungoja, munajua kungoja sasa." Wiki ya kwanza ilipita. Wiki ya pili, siku ya posho, Jumamosi, nilisikia kandambili uani. Alikuwa na sufuria yake kichwani na fundo lake mukononi. Akauliza tu kama mbabula bado inavuja majivu upande mumoja. Nikasema bado. Akasema, "Batu ya nyumba hii," akaingia.

Sasa yule mama wa Rwambuzi na swali lake. Sina dawa ya kumutajia. Jiwe silitukani wala silisifu. Nasema tu kwamba jiwe likianguka, liwe limeshiba au halijashiba, wewe panda moto uende, na maharagi yanyeshewe. Nenda na nyoka kama amekufa, usimutafute kama ametoroka. Kope zikishuka, ujue saa inakimbia. Mugonjwa akinyamaza, mushike mukono na umuambie ni nani ameingia na ni nani ametoka. Na atakapopata sauti, asifunge macho.

Jana jioni nilimusimulia Mama Rozalia habari ya yule mama, kwamba mikono imewaishia, wamebaki watu wawili wa kuminya. Alikuwa anachuja mafuta. Leo asubuhi, kabla sijamaliza kunawa uso, nilimuona amevaa kitambaa chake cha safari.

"Unga iko ndani ya karai," alisema. "Usikande na hasira."

Ameenda hospitali kuwafundisha. Jiwe ameliacha juu ya kabati, ndani ya fundo lake. Nimeandika mpaka hapa, na karai iko mbele yangu. Mukono wa kushoto bado ni dhaifu kuliko wa kuume, unga unanikimbilia upande. Naminya, naachia. Nangoja kidogo. Naminya tena.